Mnyongaji wa Fort Smith

Katika sinema mmeona mara nyingi jinsi watu wa magharibi ya Marekani walivyomtundika mwizi wa farasi mtini, pasipo hakimu wala mashahidi. Mambo hayo yalitokea kweli. Januari 1864, huko Bannack, katika nchi iitwayo leo Montana, raia wenye hasira walimnyonga hata sherifu wao, Henry Plummer, bila kumfikisha mbele ya hakimu.

Lakini leo twataka kuwaeleza habari za kitanzi cha sheria. Mwaka 1875 jaji Isaac Parker alifika Fort Smith, Arkansas. Mahakama yake ilitawala pia nchi jirani ya Wahindi Wekundu, ambayo siku hizi ni sehemu ya Oklahoma. Tarehe 3 Septemba mwaka ule, watu 6 walinyongwa pamoja mbele ya umati mkubwa. Hata alipofariki mwaka 1896, Parker alikuwa amewahukumu kufa watu 160, na 79 kati yao walinyongwa. Mpaka 1889 hapakuwa na rufani. Rais peke yake aliweza kuwasamehe.

Mnyongaji mashuhuri wa huko alikuwa George Maledon, mzaliwa wa Ujerumani. Alichagua kamba zake kwa uangalifu na kuliweka fundo karibu na sikio, ili sakafu ya jukwaa ifungukapo, shingo ivunjike mara moja. Kazi hiyo ikimwangukia asiyeijua, huwa ukatili mtupu: huko Clayton, New Mexico, mwaka 1901, kamba ilikikata kabisa kichwa cha Tom Ketchum.

Basi, mwaka 1895 binti yake Maledon, Annie, aliuawa kwa risasi na Frank Carver. Parker akamhukumu Carver kunyongwa. Lakini Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua hukumu mara mbili kwa sababu ya makosa ya kisheria, na mwishowe Carver akafungwa maisha. Fikirini uchungu wa baba yule, aliyewanyonga wauaji wa watoto wa wenzake!

Hata hivyo, sisi twaona kwamba sheria haikuwekwa ili kumridhisha mwenye uchungu, bali kuitafuta kweli. Jaji ni mtu, naye aweza kukosa. Mfungwa asiye na hatia hufunguliwa mlango wa gereza. Aliyenyongwa, nani atamfungulia kaburi? Maji yakimwagika hayazoleki.