Nyonga bandia: Picha ya kwanza ya eksirei isipotee

UPASUAJI wa kubadilisha nyonga si habari ya kushangaza tena humu nchini. Hufanywa katika hospitali za rufaa kama vile Kenyatta jijini Nairobi na Moi mjini Eldoret, na pia katika hospitali ya kimishenari ya Kijabe. Hata hivyo, mjadala wetu aghalabu huishia kwenye gharama ya upasuaji. Yanayomkabili mgonjwa akisharejea kijijini hayazungumzwi.

Chukua mfano wa Bumula, Kaunti ya Bungoma. Eneo hili limo katika ukanda wa magharibi ambako malaria imekita mizizi tangu jadi, na ambako pia ugonjwa wa selimundu umeenea. Ugonjwa huo huziba mishipa midogo ya damu. Kichwa cha mfupa wa paja kikikosa damu, hufa na kubomoka. Ndiyo maana nyonga bandia huko si suala la wazee pekee. Huenda ikahitajika na kijana wa miaka 25 ambaye bado ana miongo kadhaa ya kulima miwa na kutembea.

Hapo ndipo penye tatizo. Nyonga bandia ya kawaida ni tufe la chuma au la kauri linalozunguka ndani ya kikombe cha plastiki, na kila hatua huisugua plastiki hiyo. Daktari Mwingereza John Charnley, mwasisi wa upasuaji huu wa kisasa, alilijua hilo kwa uchungu. Vikombe vya Teflon alivyotumia mwishoni mwa miaka ya 1950 vililika baada ya miaka michache tu, na wagonjwa wakalazimika kupasuliwa tena. Mnamo 1962 aligeukia aina ngumu ya polithini, nayo ikadumu.

Lakini hata polithini hulika. Seli za kinga za mwili huimeza chembechembe yake, zikashindwa kuiyeyusha, na matokeo yake ni kwamba mfupa unaokishikilia kiungo huanza kuliwa. Kwa muda mrefu mgonjwa hahisi lolote. Maumivu yanapoanza, mara nyingi kiungo kimekwisha kulegea.

Eksirei ndiyo hulifichua jambo hili mapema. Plastiki haionekani vyema kwenye picha, ila tufe huonekana. Kadiri kikombe kinavyolika, ndivyo tufe linavyozama ndani yake. Daktari hulinganisha kitovu cha tufe katika picha ya kwanza na katika picha ya sasa. Kwa vile kipenyo halisi cha tufe kinajulikana, tuseme milimita 28, tufe lenyewe huwa rula ya kupimia. Kulika kwa zaidi ya milimita 0.1 kwa mwaka huchukuliwa kuwa ishara ya hatari. Plastiki iliyoimarishwa kwa mnururisho, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, hulika polepole zaidi, ingawa haijaondoa haja ya ukaguzi.

Ukaguzi wa aina hii hauhitaji mitambo adimu. Mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu uliotiwa saini mwaka 2015 ulipeleka mashine za eksirei za kidijitali katika kaunti zote 47. Kinachohitajika zaidi ni picha ile ya kwanza. Ikisalia Eldoret, au ikiozea ndani ya bahasha nyumbani, daktari wa Bungoma atashindwa kujua kikombe kimelika kwa kasi gani.

Wala umaskini si kisingizio. Malawi, yenye uchumi mdogo kuliko wetu, ilianzisha sajili ya kitaifa ya viungo bandia mwaka 2005. Sweden ilikuwa na sajili ya nyonga tangu 1979.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ingefanya busara kuuhesabu ukaguzi wa eksirei kuwa sehemu ya matibabu ya nyonga. Hospitali nazo zimkabidhi mgonjwa nakala ya picha yake pamoja na jina na vipimo vya kiungo alichowekewa. Upasuaji wa kurudia ni mgumu na ghali kuliko ule wa kwanza, kwani mfupa unakuwa umepungua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyonga, ufa huo hupimwa kwa sehemu za milimita.