Umewaacha na Nani?



Wapendwa wanaparokia, msimu wa kulinda mpunga unapofika, nyumba kadhaa za Ruaruke na vijiji vinavyoelekea delta hubaki na watoto watupu. Wazazi wamehamia mashambani. Hulala kwenye madungu, wakifukuza ndege mchana na nguruwe usiku, wala hawawezi kurejea nyumbani kila jioni. Mtoto wa miaka 15 aliye sekondari hawafuati, kwa kuwa shule haihami. Huachiwa ufunguo, debe la unga na wadogo zake wawili.

Hali hii ina historia. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji kwenda katika vijiji vya ujamaa vilivyo mahali pa juu. Tangu hapo, kwa familia nyingi, nyumba na shule viko juu, chakula kiko bondeni, na mzazi hana budi kujigawa. Kwa hiyo hatutasimama mimbarini kumlaumu mtu kwa sababu amekwenda shamba. Asipoulinda mpunga, atawalisha nini watoto anaobaki kuwalinda?

Tunachohoji ni makabidhiano. Ukimwuliza mzazi amewaacha watoto na nani, hujibu: "Majirani wapo." Ukimwuliza jirani, hajaambiwa neno. Akimkuta kijana wa mwenziwe njiani saa nne za usiku, hunyamaza, maana siku hizi kumkemea mtoto wa mtu ni kujitafutia ugomvi. Maria na Yosefu nao walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba Yesu, mwenye miaka 12, yumo msafarani kati ya ndugu na jamaa. Yaelekea kila jamaa naye alidhani yuko kwa mwingine. Hawakuwa wazembe hata kidogo, na bado ilipita siku ya tatu ndipo wakamwona.

Sheria ya nchi yetu inalijua jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 9, inamtaka mzazi ahakikishe kwamba asipokuwapo kwa muda, mtoto wake anatunzwa na mtu mwenye uwezo wa kumtunza. Na mtoto, kwa sheria hiyo, ni kila aliye chini ya miaka 18. Kijana mwenye sauti nzito yumo, na msichana anayesonga ugali vizuri kuliko mama yake yumo. Tena huyo wa miaka 16 ndiye anayetutia hofu zaidi. Mtoto wa miaka 5 akiachwa peke yake hulia, na mtaa wote husikia. Wa miaka 16 halii. Mara nyingi hufurahi, na furaha yake ndiyo wanayoifuata wale wenye pikipiki, chipsi na maneno matamu. Tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, nasi tunashukuru. Lakini atarudi darasani akimwachia nani huyo mtoto mchanga, ikiwa yeye mwenyewe hakuwa ameachwa na mtu?

Wapo pia akina mama wanaokwenda mbali kuliko bondeni, hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba, kufanya kazi za nyumbani. Huahidi kwamba mtoto akiugua watarudi mara moja. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017, kuhusu Watanzania wafanyao kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza jinsi wengi walivyonyang'anywa pasipoti na waajiri au mawakala. Mtu asiyeshika pasipoti yake hawezi kuahidi kurudi mara moja. Safari ya namna hiyo yahitaji mlezi aliyepatikana kabla ya tiketi. Fedha nazo zitumwe kwa huyo mlezi, si kwenye simu ya mtoto. Simu haitamwuliza kijana viatu vipya amevinunua kwa bajeti ipi.

Tunapendekeza hivi. Mzazi aende na mtoto wake nyumbani kwa mlezi, na mbele ya mtoto amwambie mlezi: "Akikosa, mwonye; sitakuja kukudai." Maneno hayo mtoto lazima ayasikie kwa masikio yake. Ampe mlezi namba ya mwalimu wa darasa, na asione haya kumwachia gunia la mpunga, kwani asante haijazi chungu. Kisha ajulishe jumuiya yake ndogondogo siku atakayoondoka. Kwetu hapa mara nyingi mlezi huyo atakuwa jirani Mwislamu, nasi hatuoni shida: anayeamka alfajiri kwa sala zake ataweza kumwamsha mtoto wetu kwa ajili ya Misa.

Limebaki la akina baba. Mama akienda Muscat, watu husema ameacha watoto. Baba akienda dago kuvua kwa miezi minne, watu husema ametafuta riziki. Tena mara nyingi mama anapoondoka, baba yuko hapo hapo kijijini, mzima wa afya, na bado watoto huhesabiwa kuwa wamebaki peke yao, na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo viongozi wa jumuiya watakapoletewa jina la mlezi wa kuandika katika daftari, tumewaomba waulize kwanza baba yuko wapi.