Mjapani Anauliza Nauli

Leo naweka programu kando kidogo (si mbali sana, mtaona).

Wakubwa wetu wa utalii wakizungumza juu ya Wajapani, utasikia simba, Mara na heroe wa Nakuru. Sawa, lakini simba si mji. Mjapani huyo anashuka JKIA, analala usiku mmoja, asubuhi anachukuliwa na gari la safari. Nairobi kwake ni steji tu ya kubadilishia gari. Mimi nauliza: ni nini kingemfanya akae siku nne?

Tazama wanakopenda wao. Japani iliwaruhusu raia wake kwenda matembezi ng'ambo Aprili 1964, na Honolulu haijawatoka moyoni. Ni bahari? Okinawa wanayo bahari yao! Kule Waikiki menyu zina Kijapani, bei imeandikwa, na kwa miaka mingi mwenye kadi ya JCB amepanda basi la watalii bila kulipa. Taipei na Seoul kadi moja inalipia treni, basi na hata soda dukani. Wengine husema Wajapani ni waoga. Si woga, ni mazoea: mji ukiwaambia jambo, liwe hilo hilo.

Sasa njoo kwetu. Namba 8 inakuja Kibera, 46 inakwenda Kawangware. Nauli? Inategemea. Inategemea saa, mvua, na kama makanga ameona wewe ni mgeni. Njia zenyewe tulishazitatua: watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walizichora kwa simu katika mradi wa Digital Matatus, ramani ikatoka 2014, na 2015 zikaingia Google Maps. Bei ndiyo ilibaki gizani. Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay 2013. Kufikia 2015 ilikuwa imekufa. Teknolojia ilifanya kazi vizuri tu. Shida ni kwamba mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, na kinachobaki mkononi ndicho chakula cha dereva na kondakta. Kadi inamwonyesha tajiri kila shilingi. Nani akubali?

Mtaniambia, wewe wa Kambi Muru, Wajapani wanakuhusu nini? Kwanza, wanakuja. Shule ya Magoso hapa Kibera ina marafiki wengi Japani, na wageni hufika kwa sababu kuna mtu anayewangoja, aliyewaambia saa na mahali. Huo ni ugeni. Zile ziara za kupiga picha mtaro mbele ya mlango wa mtu mimi sizitaki, awe Mjapani, awe Mzungu.

Pili, kabla ya vijana wa Map Kibera kuzunguka na GPS mwaka 2009, mtaa wetu kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Leo bomba la maji, zahanati na shule viko OpenStreetMap. Lakini mgeni wangu bado namwambia "shuka stejini, kisha nipigie." Na mama anayetoka hapa alfajiri kwenda kufua nguo za watu Kilimani, mvua ikinyesha nauli inapanda maradufu, halijui hilo mpaka ameshaketi. Yeye haandikiwi ripoti ya utalii.

Sisemi nauli isipande. Teksi za Tokyo huongeza asilimia 20 kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, na hakuna anayegombana, kwa sababu imetangazwa. Basi sacco za 8 na 46 zibandike bei mbili stejini, ya jua na ya mvua. Mfumo wa GTFS, uliobeba zile njia zetu, una faili ya nauli tayari. Mkinipa hizo bei, kazi ya kuziingiza ni ya jioni moja, na sitadai hata chai.