Mikanda ya theluji haifui dafu kwa joto la Aktiki

KATIKA nchi zenye baridi kali kama Kanada na Marekani, gari la kawaida huweza kuvuliwa magurudumu yote manne na kufungwa mikanda ya mpira, mfano wa minyororo ya kifaru cha jeshi. Mikanda hiyo husambaza uzito wa gari juu ya eneo kubwa zaidi, hivyo halizami kwenye theluji laini.

Ufundi huo si mgeni. Kabla ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, Mfaransa Adolphe Kégresse aliyafungia mikanda magari ya mfalme Nicholas II. Januari 1958, Edmund Hillary aliifikia Ncha ya Kusini kwa matrekta ya shambani yaliyofungwa mikanda.

Hata hivyo, ufundi una mipaka yake. Kaskazini mwa Alaska, magari mazito huruhusiwa kupita nje ya barabara pale tu ardhi inapokuwa imeganda na kufunikwa na theluji ya kutosha, ili uoto usiharibiwe. Tathmini ya hali ya hewa ya Aktiki ya mwaka 2004 ilionyesha kuwa, katika miaka 30, siku hizo zilipungua kutoka zaidi ya 200 kwa mwaka hadi takriban 100.

Walioguswa zaidi ni watafutaji wa mafuta, ambao hutegemea ardhi iliyoganda kufikisha mitambo yao. Ni kitendawili: mafuta wanayoyasaka, yakichomwa, huipunguza baridi hiyo hiyo. Mikanda hununuliwa dukani. Majira ya baridi hayauzwi popote.