Daftari la Mpika Bia Nalo ni Fasihi

Kuna mhariri mmoja nilimpelekea uchambuzi wa kitabu cha kupika bia nyumbani. Akanijibu kwa mstari mmoja: sisi tunachapisha fasihi, si mapishi. Nimekaa na jibu hilo miezi kadhaa, na kila nikilirudia naona amekosea.

Tuanze na mtu ambaye mhariri yule hawezi kumkataa: Thomas Hardy. Katika riwaya yake The Trumpet-Major ya mwaka 1880, anaisifia bia kali ya Casterbridge, mji ambao kwa hakika ni Dorchester. Sifa tamu kweli. Lakini ingia nayo jikoni uone kama utapata hata glasi moja. Haikupi kipimo cha kimea wala joto la maji. Mwaka 1968, miaka 40 baada ya kifo cha Hardy, kiwanda cha Eldridge Pope cha Dorchester kilitoa bia kali yenye jina lake. Riwaya iliwapa jina na ndoto; bia ilibidi waipike wenyewe.

Sasa angalia: mwaka uleule wa 1880, serikali ya Gladstone ilipitisha sheria ya kumtaka Mwingereza anayejipikia bia nyumbani akate leseni. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1963. Miaka 83! Muda wote huo riwaya ya Hardy ilikuwepo, na sifa zake hazikupungua hata neno. Lakini sifa hazifundishi mkono. Ndiyo maana mimi nasema The Big Book of Brewing cha Dave Line, cha mwaka 1974, ni kitabu kikubwa. Kilimwandikia mtu mwenye sufuria na jiko la kawaida, kikamwambia: fanya hivi.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa Bristol, jikoni kwa rafiki yangu, akipika lita 20 za bia nzito nyeusi ya Kiingereza. Daftari lake lilikuwa limelowa mpaka kurasa zinashikana. Kimea cheupe kilo 8. Kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi, gramu 200, basi, kikizidi utakunywa majivu. Loweka kwa nyuzi 67, saa moja. Chemsha dakika 90 na hopsi za Fuggle. Poza hadi nyuzi 18 ndipo utie hamira. Ikishachacha, usiiguse miezi sita, kwa sababu ikiwa changa inachoma koo, na muda ndio unaoilainisha. Pembeni, kwa wino mwingine, ameandika: "Nilionja mapema. Upumbavu."

Jamani, hapo kuna nini kinachokosekana? Kuna mhusika, kuna wakati, kuna majuto. Na kuna jambo ambalo riwaya nyingi hazithubutu: kila sentensi inaweza kujaribiwa, na ikiwa ni ya uongo, utaijua kwa ulimi. Hunywi? Sawa, hakuna aliyekuambia unywe. Nakuambia usome.

Wala tusisingizie lugha. Kimea ni neno letu, nafaka iliyomea. Hamira tunayo, kuchacha tunako. Tunachokosa ni heshima kwa anayeandika "gramu 200, basi".

Nalisema hili kwa uchungu wangu mwenyewe. Bibi yangu wa Marangu alikuwa mpika mbege. Ndizi mbivu, kimea cha ulezi, na mengine aliyoyapima kwa kidole na pua. Alipofariki niliandika tanzia nzuri sana. Niliweka harufu ya ndizi, moshi, kibuyu kinachozunguka mkono kwa mkono. Watu walilia, wakanipongeza. Mhariri yuleyule ndiye aliyeichapisha, akaiita fasihi.

Mwaka jana binti wa shangazi aliniuliza: ndizi bibi alikuwa anazichemsha muda gani, na ulezi aliuacha uote siku ngapi? Nikafungua tanzia yangu, nikaisoma yote, maneno 1,200.

Hamna kitu. Miaka yote ile nilikaa jikoni kwake na kalamu mfukoni, sikumuuliza hata swali moja. Moshi niliuandika. Mbege ya bibi sikuiandika.