Samoa: Chama cha FAST chashinda bila mama aliyekiongoza hadi utawalani

Katika uchaguzi wa mwezi wa nane 2025, chama cha FAST kilipata viti 30 kati ya 51 vya Bunge la Samoa, inchi ndogo ya visiwa katika bahari ya Pasifiki. Ushindi huo hauna ubishi. Lakini Fiame Naomi Mata'afa, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza kutoka chama hicho, aligombea akiwa mpinzani, na chama chake kipya kiliambulia viti 3 tu.

Wakaaji wa Samoa hawajasahau mwaka 2021. Chama cha HRPP kilikuwa kinatawala bila kukatizwa tangu 1988, na Tuilaepa Sailele Malielegaoi alikuwa waziri mkuu tangu 1998. Kura zilitoa viti 25 kwa 25, na mbunge mmoja wa kujitegemea. Tume ya uchaguzi ikaongezea HRPP kiti kimoja cha mwanamke. Mbunge yule naye akajiunga na FAST. Ikawa 26 kwa 26. Mkuu wa inchi akaitisha uchaguzi mwingine, lakini korti ikafuta kile kiti pamoja na uchaguzi huo mpya. Tarehe 24 mwezi wa tano, wabunge wa FAST walikuta milango ya Bunge imefungwa. Fiame akala kiapo chini ya hema, nje. Korti ya rufaa ilisubiriwa hadi mwezi wa saba ndipo ikasema kwamba serikali hiyo ilikuwa halali tangu siku ile.

Chama kilichoteseka hivyo kwa ajili ya sheria kilitarajiwa kuiheshimu hata ndani ya nyumba yake. Januari 2025, mwenyekiti wake, Laauli Leuatea Schmidt, alishtakiwa kwa makosa ya jinai, akakataa kujiuzulu uwaziri. Fiame akamwondoa serikalini. Mashtaka si hukumu, ni kweli, lakini waziri anaweza kungoja hukumu akiwa nje ya ofisi. Viongozi wa chama waliona vingine: wakamfukuza Fiame.

Yeye naye hana haki yote. Alishinda kura mbili za kutokuwa na imani, akatawala bila wabunge wa kutosha hadi bajeti yake ilipoanguka tarehe 27 mwezi wa tano. Angeweza kurudi kwa wapiga kura mapema.

Sasa Laauli ndiye waziri mkuu, na chama ni chake pia. HRPP, chenye viti 14, kinaweza kumpinga Bungeni. Ndani ya FAST, aliyejaribu alishafukuzwa.