Sindano ya ganzi imeshatumika, inakwenda wapi?

MTOTO aking'olewa jino, macho ya mzazi huwa kwenye pamba yenye damu na machozi ya mwanawe. Ni wachache wanaoangalia ile sindano ya ganzi imewekwa wapi.

Kwa daktari wa meno, msaidizi wake na mfanya usafi, hapo ndipo penye hatari. Sindano iliyotumika ikimchoma mtu inaweza kumwambukiza VVU, homa ya ini B au C. Kwa damu yenye VVU, huambukizwa takriban watu 3 kati ya 1,000 wanaochomwa. Kwa homa ya ini B, wanaweza kufika 30 kati ya 100 kama hawajachanjwa.

Mgonjwa huyohuyo anaweza kuhitaji ganzi tena, hivyo sindano haitupwi papo hapo, bali hufunikwa. Kanuni ni kutoifunika kwa mikono miwili. Kifuniko hulazwa kwenye trei, kisha daktari hukichota kwa ncha ya sindano akitumia mkono mmoja.

Kazi ikiisha, sindano huingia kwenye boksi gumu la usalama lililo karibu. Boksi likifika robo tatu, hufungwa. Sindano ikitupwa kwenye ndoo ya kawaida, anayechomwa ni mfanya usafi au mzoa taka ambaye hata mgonjwa hakumwona.

Aliyechomwa anatakiwa kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila kulikamua, kisha atoe taarifa mara moja. Dawa za kuzuia VVU huanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na hutumiwa siku 28. Anayenyamaza kwa aibu au kwa kuogopa kugombezwa na bosi hupoteza saa hizo.

Mzazi naye ana sehemu yake. Amshike mtoto mikono kama anavyoelekezwa, maana mtoto akirusha mkono ghafla anaweza kusababisha mtu achomwe.

Na zipo familia ambazo mama, baba au binti ndiye anayefagia vyumba hivyo. Chanjo ya homa ya ini B kwa mtu mzima kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na wengi huchoma ya kwanza wakasahau zilizobaki. Leo jioni, mezani, aulizwe: umemaliza zote tatu?